Baada ya Titi Kuondolewa: Elimu ya Kipandikizi na Safari ya Kupona

Katika wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 zimekuwa Mkoa wa Simiyu, mwanamke ni mkulima, mchota maji, mpishi na mlezi. Kazi hizo zote huzifanya kwa mikono yake miwili. Kwa sababu hiyo, mwanamke huyo anapoambiwa kwamba ana saratani ya titi, na kwamba titi halina budi kuondolewa, maswali yanayomjia hayaishii kwenye uhai na kifo. Je, ataweza kuinua jembe tena? Ataweza kujitwika ndoo? Nguo itamkaaje? Mumewe na majirani watamwonaje? Na je, pengo litakalobaki kifuani laweza kuzibwa?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sayansi ya upasuaji inavyojibu swali hilo la mwisho, hususan kwa kutumia kipandikizi, na jinsi mwili unavyopona baada ya upasuaji. Aidha, yataonyesha jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa, yaani kwamba nafasi ya mwanamke kujengewa titi upya huanza kupanuka au kupungua tangu siku ile anapogundua uvimbe.

Kwa nini titi huondolewa?

Saratani ni ugonjwa wa seli. Seli za kawaida hugawanyika kwa mpango na kukoma kwa mpango, bali seli za saratani hugawanyika pasipo kutii mpango huo. Katika titi, seli hizo huanzia mara nyingi katika vijia vinavyopitisha maziwa. Zikiachwa, hupenya nyama za jirani, hufika kwenye matezi ya kwapani, na kisha husafiri hadi mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Mwaka 2020 peke yake, wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Hapa Tanzania ni saratani ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi. Wanaume pia huweza kuipata, ijapokuwa ni wachache sana.

Mwaka 1882, daktari Mmarekani William Halsted alianza kutibu ugonjwa huu kwa kuondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake, na matezi yote ya kwapani. Upasuaji huo mkubwa ulitawala kwa muda wa miaka 80 hivi na kuwaacha wanawake wengi na kifua kilichobonyea na mkono uliovimba. Baadaye utafiti wa Bernard Fisher huko Marekani na Umberto Veronesi huko Italia, uliotolewa katika miaka ya 1970 na 1980, ulithibitisha kwamba kukata zaidi si lazima kuwe kuponya zaidi. Kwa mgonjwa aliyewahi mapema, inatosha mara nyingi kuondoa uvimbe pamoja na nyama kidogo inayouzunguka, kisha kumpa tiba ya mionzi. Mwanamke huyo hubaki na titi lake.

Hata hivyo, uvimbe ukiwa mkubwa, au ukiwa umesambaa ndani ya titi, au pale ambapo mionzi haipatikani, kuondoa titi lote hubaki kuwa njia ya salama. Katika hospitali nyingi za nchi yetu upasuaji huo ndio unaofanywa zaidi.

Mchanga unaogeuka kuwa mpira

Wazo la kujaza pengo la titi si geni. Mwaka 1895, daktari Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, alimhamishia mgonjwa wake uvimbe wa mafuta usiokuwa na madhara kutoka mahali pengine mwilini, ili kujaza mahali alipokatwa. Baada yake walijaribiwa watu kwa vitu vya namna nyingi, na vingi vilileta madhara. Kilichofungua njia mpya ni mpira wa silikoni. Mwaka 1962, madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow wa Houston, Marekani, waliweka kwa mara ya kwanza mfuko wa silikoni uliojazwa ute mzito wa silikoni.

Silikoni ni nini? Mwanafunzi wa kemia anaifahamu elementi yenye alama Si na namba ya atomu 14. Baada ya oksijeni, hiyo ndiyo elementi iliyo nyingi kuliko zote katika ganda la dunia. Mchanga mweupe wa mito yetu kwa sehemu kubwa ni muungano wa silikoni na oksijeni. Viwandani elementi hiyo hutengwa, kisha hujengwa mnyororo mrefu ambamo atomu ya silikoni hufuatwa na ya oksijeni, kisha ya silikoni tena, na kuendelea hivyo. Kila atomu ya silikoni hubeba pembeni makundi mawili, kila kundi likiwa na kaboni moja na hidrojeni tatu. Minyororo ikiwa haikufungamanishwa, tunapata mafuta. Ikifungamanishwa kidogo, tunapata ute mzito. Ikifungamanishwa sana, tunapata mpira. Bidhaa zote hizo huitwa pia silikoni.

Minyororo hiyo haivunjwi kwa urahisi na joto wala na kemikali za mwili. Hiyo ndiyo sababu mpira huo hutumiwa katika mirija na vifaa vingi vya hospitali. Kipandikizi cha titi, basi, ni mfuko wa mpira wa silikoni uliojazwa ama ute wa silikoni ama maji ya chumvi. Maji hayo huwa na gramu 9 za chumvi katika kila lita moja, kiasi kinacholingana na majimaji ya mwili, hata kama mfuko ukipasuka yafyonzwe bila kudhuru.

Jinsi kipandikizi kinavyowekwa

Titi linapoondolewa, mara nyingi sehemu ya ngozi huondolewa pamoja nalo. Ngozi inayobaki hunyoshwa na kushonwa, nayo haina nafasi ya kupokea mfuko. Mwaka 1976, daktari Chedomir Radovan alionyesha njia ya kulitatua tatizo hilo. Aliweka chini ya ngozi mfuko mtupu wenye kijitundu cha kupokelea sindano. Kidonda kikishapona, mfuko huo huongezewa maji ya chumvi kidogo kidogo, kila baada ya wiki moja au mbili, kwa muda wa miezi kadhaa. Ngozi hutanuka polepole na kuota seli mpya, kama itanukavyo ngozi ya tumbo la mwanamke mjamzito. Nafasi ikitosha, mgonjwa hupasuliwa mara ya pili, mfuko wa kutanulia hutolewa, na kipandikizi chenyewe huwekwa.

Palipo na ngozi ya kutosha, kipandikizi huweza kuwekwa siku ile ile titi linapoondolewa. Hukaa ama chini ya msuli mkubwa wa kifua ama juu yake. Chuchu huweza kutengenezwa baadaye kwa kukunja ngozi ya mahali hapo, na rangi yake huchorwa kwa sindano.

Inafaa msomaji aelewe mipaka ya kazi hii. Titi lililojengwa halitoi maziwa, na aghalabu halina hisia kama za awali. Kinachorudishwa ni umbo. Lakini umbo si jambo dogo, kwa kuwa humwezesha mwanamke kuvaa nguo zake na kwenda sokoni, kanisani, msikitini au kazini pasipo kujificha. Tena ijulikane kwamba kujengwa upya kwa titi hakuiamshi saratani iliyokwisha kutibiwa.

Mwili unavyokipokea kitu kigeni

Ukifunga waya kuzunguka shina la mti mchanga, baada ya miaka utaukuta umefunikwa na gome. Mwili wa binadamu nao hufanya jambo linalofanana na hilo. Ukikuta kitu usichoweza kukiyeyusha wala kukitoa, hukijengea ukuta wa nyuzi za kovu. Kila kipandikizi huzungukwa na ukuta wa namna hiyo, na kwa wanawake wengi huwa mwembamba na laini. Kwa baadhi yao ukuta hukaza na kukibana kipandikizi. Hapo titi huwa gumu, hupotoka, na pengine huuma, na upasuaji mwingine huhitajika.

Yako madhara mengine. Vijidudu vikiingia kwenye kidonda huweza kujificha juu ya kipandikizi mahali ambapo dawa haifiki vizuri, na mara nyingine hapana budi kipandikizi kitolewe. Mfuko huweza pia kupasuka. Ule wa maji husinyaa upesi na kuonekana, bali ule wa ute huweza kupasuka kimya kimya. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani inashauri vipandikizi vya ute vipimwe kwa mashine baada ya miaka 5 au 6, na kisha kila baada ya miaka 2 au 3. Wanawake wengi huhitaji kubadilishiwa kipandikizi baada ya miaka mingi, maana hakikutengenezwa kudumu maisha yote.

Historia yake pia imekuwa na misukosuko. Mwaka 1992 Marekani ilizuia matumizi ya kawaida ya vipandikizi vya ute kwa hofu ya magonjwa, na zuio hilo likaondolewa mwaka 2006 baada ya uchunguzi mrefu. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba kampuni moja ya Ufaransa, PIP, ilikuwa ikijaza vipandikizi vyake silikoni isiyoidhinishwa kwa matumizi ya hospitali. Mwaka 2019 vipandikizi fulani vyenye uso wa kukwaruza viliondolewa sokoni, kwa kuwa vilihusishwa na saratani adimu ya seli za kinga inayoota katika ukuta unaovizunguka. Mambo haya hayatajwi ili kumtisha msomaji. Yanaonyesha kwamba kipandikizi ni kifaa kinachodai uangalizi wa miaka mingi.

Umbali, mionzi na kuchelewa

Tukiyajua hayo, turudi Simiyu. Mgonjwa wa kijijini huanzia zahanati au kituo cha afya, hupelekwa hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bariadi, na kutoka huko hupewa rufaa kwenda Bugando, jijini Mwanza. Hospitali hiyo ya Kanda ya Ziwa, iliyofunguliwa mwaka 1971, hutoa upasuaji, dawa za saratani na tiba ya mionzi. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bariadi. Madaktari bingwa wa kurekebisha maumbile ni wachache nchini, nao hupatikana katika hospitali kubwa. Kujengewa titi kwa kipandikizi, kwa hiyo, bado si huduma ya kawaida kwa mwanamke wa Simiyu.

Lakini umbali si kizuizi pekee. Wagonjwa wapatao 80 katika kila 100 wa saratani ya titi nchini hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Wengine hawakuujua uvimbe kwa kuwa hauumi, wengine hawakuwa na nauli, wengine walipita kwanza kwa waganga, na wengine waliogopa kukatwa. Uvimbe uliofika hatua ya tatu karibu daima huhitaji mionzi baada ya upasuaji. Mionzi huua seli za saratani, lakini pia hudhoofisha vijishipa vya damu vya ngozi na kuifanya ngozi ikaze. Kipandikizi kilichowekwa mahali palipopigwa mionzi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa na kovu, kuingiliwa na vijidudu, au kushindwa kabisa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mwanamke anayewahi huwa na njia nyingi: kuondolewa uvimbe tu na kubaki na titi lake, au kuondolewa titi na kujengewa jingine mapema. Kila mwezi unaopita hufunga mlango mmoja. Anayechelewa kwa kuogopa kulipoteza titi hujikuta amelipoteza hakika, pamoja na nafasi ya kulijenga upya, na pengine uhai wake. Katika mpango wake ulioanzishwa mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mgonjwa akishafika kituo cha afya, uchunguzi wake ukamilike ndani ya siku 60.

Njia zisizo za kipandikizi

Kwa mwanamke aliyekwisha kupata mionzi, madaktari hupendelea mara nyingi kutumia nyama ya mwili wake mwenyewe. Njia ya kale hutumia msuli mpana wa mgongo, ambao huzungushwa hadi kifuani ukiwa bado umeshikamana na mshipa wake wa damu. Daktari Mwitalia Iginio Tansini aliieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingine, iliyoelezwa na Carl Hartrampf wa Marekani mwaka 1982, hutumia ngozi, mafuta na msuli wa chini ya kitovu. Nyama hiyo ni hai, huzeeka pamoja na mwenyewe, wala haihitaji kubadilishwa. Walakini, upasuaji wake ni mrefu, na msuli uliochukuliwa hupungukiwa na nguvu. Mkulima anayeinua jembe kutwa nzima hana budi kumweleza daktari kazi yake kabla ya kuamua.

Iko pia njia isiyohitaji kisu, nayo ni titi bandia linalovaliwa ndani ya sidiria. La silikoni huigiza uzito wa titi, lakini ni ghali. Lile jepesi hufumwa kwa uzi wa pamba na kujazwa nyuzi laini, nalo hufuliwa na kuanikwa kama nguo. Nchini Kenya wako akina mama waliougua ugonjwa huu ambao hufuma matiti hayo kwa ajili ya wenzao. Katika mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, ufundi huo wafaa kufikiriwa na vikundi vya akina mama na shule za ufundi. Mwisho, wako wanawake wanaochagua kubaki bila titi la namna yoyote, nao hawajakosea.

Safari ya kupona

Upasuaji wa kuondoa titi hufanywa mgonjwa akiwa katika usingizi wa nusukaputi. Akiamka hukuta mrija mmoja au miwili inayotoka chini ya ngozi hadi kwenye chupa ndogo. Mrija huo huondoa majimaji yanayojikusanya mahali palipokatwa. Kila siku majimaji hupimwa na kuandikwa, na yakipungua kufikia mililita 30 hivi kwa siku, mrija hutolewa. Muda huo huweza kuwa wiki moja hadi tatu, kwa hiyo wengine hurudi nyumbani wakiwa nao. Anayeushika sharti anawe mikono kwa sabuni.

Mkono wa upande uliopasuliwa usifungwe tuli. Tangu siku za kwanza mgonjwa hukunja na kukunjua vidole, kiwiko na bega taratibu. Baadaye, daktari akiruhusu, husimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole juu yake kidogo kidogo kila siku. Asipofanya hivyo bega hukaza, na hata kuvaa gauni huwa shida.

Mizigo ndiyo mtihani mkubwa. Kwa muda wa wiki 4 hadi 6 mgonjwa hapaswi kuinua kitu kizito, na aliyewekewa kipandikizi hukatazwa kwa uangalifu zaidi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na kujitwika kwake huuvuta msuli ule ule wa kifua uliosumbuliwa. Tuseme nyumba moja hutumia ndoo 3 kwa siku. Katika wiki 6 ndoo hizo ni 126, yaani kilo 2,520. Uzito huo hauna budi kubebwa na mume, watoto, wifi na majirani. Kwa hiyo kupona kwa mama ni kazi ya nyumba nzima. Familia isikubali kuahirisha upasuaji hadi pamba ivunwe, kwa maana uvimbe haungoji mavuno.

Kidonda hupona kwa protini. Dagaa wa Ziwa Victoria, maziwa, mayai, maharage, dengu na choroko, vyote vinavyopatikana katika masoko ya mkoa, vinafaa. Mgonjwa arudi hospitali bila kungoja akiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaoenea, joto, usaha, harufu mbaya, au uvimbe unaoongezeka ghafla.

Matezi ya kwapani yakiwa yameondolewa, majimaji ya mkono hukosa njia na mkono huweza kuvimba, hata miaka kadhaa baadaye. Ni vyema kuulinda mkono huo na mikato, miiba na moto, na kuwahi hospitali unapoanza kuwa mzito. Moyo nao huhitaji muda. Majonzi baada ya kupoteza kiungo si udhaifu wa imani wala utovu wa shukrani, na mazungumzo na mwanamke aliyepita njia hiyo huwa msaada mkubwa.

Kazi kwa shule

Walimu wa baiolojia na kemia wanaweza kulitumia somo hili darasani. Wanafunzi watengeneze maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita na kueleza kwa nini kiasi hicho hakiziharibu seli nyekundu za damu. Wachore mnyororo wa silikoni. Wahesabu mzigo wa maji wa nyumba zao kwa wiki 6, na waseme ni nani angeubeba iwapo mama angekuwa mgonjwa.

Hatimaye kila mwanafunzi apeleke nyumbani ujumbe mmoja. Uvimbe mpya katika titi au kwapa, ngozi inayobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu inayoingia ndani, au damu itokayo kwenye chuchu, ni sababu ya kwenda kituo cha afya wiki hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, na jibu la daktari huweza kumwondolea mtu hofu. Na pale ambapo jibu ni saratani, mwanamke aliyewahi atakuta milango yake mingi ingali wazi.